Dola Ishirini za Mama

Juu ya meza ninapoandikia ipo noti moja ya Marekani, ya dola ishirini. Imekunjwa mara nne, na mikunjo imekaa miaka mingi hata pale inapokutana pametoboka tundu la kupitisha sindano. Uso uliomo ni wa Andrew Jackson, rais wao wa saba. Kichwa chake ni kidogo, kimewekwa ndani ya umbo la yai, kama zilivyokuwa noti hizo zote kabla Wamarekani hawajazibadili sura mwaka 1998. Bwana huyu hakuzipenda fedha za karatasi hata kidogo. Aliamini dhahabu na fedha, na mwaka 1832 alikataa kuiongezea muda benki kubwa ya taifa lake. Waliokuja baada yake wakamweka usoni mwa karatasi, na yupo hapo tangu 1928. Duniani kuna mambo.

Noti hii ilikuwa ya mama yangu. Nitaeleza ilivyofika kwake na ilivyobaki, lakini kwanza naomba msomaji anivumilie, maana habari yenyewe haieleweki bila ya historia kidogo, nami nilisomesha historia kwa miaka thelathini na moja. Ugonjwa huo hauponi.

Kwa muda sasa nimekuwa na mchezo mmoja. Mtu akinitembelea, tukishakunywa kahawa, humwonyesha noti hii na kumwuliza inamkumbusha nini. Mjukuu wa dada yangu, ambaye huwatembeza watalii kule Lushoto, alicheka akasema, "Babu, hiyo ni bakhshishi ya siku nzuri." Jirani yangu mmoja aliyestaafu kazi ya forodha aliitazama, akatazama mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nimeipata wapi. Mlango ulikuwa wazi, ni mchana, na hakuna sheria ya leo inayonizuia kuwa nayo. Lakini shingo yake ilikwisha kugeuka kabla akili haijamkumbusha hayo. Mama mmoja anayetuuzia samaki aliishika, akaigeuza, akauliza, "Leo ni shilingi ngapi?" Katika watu wote niliowauliza, ni yeye peke yake aliyetaka kujua thamani yake. Wengine wote waliniambia habari za maisha yao.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba fedha ya kigeni ikiwa nyingi ni biashara, lakini ikiwa kidogo ni kumbukumbu. Mwenye dola milioni moja ana mahesabu. Mwenye dola ishirini ana hadithi.

Tena, hebu tujiulize: fedha ya kigeni ni ipi kwetu? Sisi watu wa pwani tulipojifunza kutamka maneno haya, karibu kila jina la fedha lilikuwa limeshuka kutoka chomboni. Neno fedha lenyewe ni la Kiarabu, madini yale meupe. Pesa ni ile paisa ya Wahindi. Rupia ni yao pia. Hela ni Heller ya Wajerumani, waliyotuletea mwaka 1904 walipoacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja wakaweka hela 100. Shilingi na senti tunajua zilikotoka. Hata ile thumni ya utotoni mwangu, yaani senti hamsini, maana yake ni sehemu ya nane. Na sehemu ya nane ya nini? Ya reale, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu zake ziliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780, hata miaka mia na zaidi baada ya kuzikwa kwake, kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakutaka nyingine. Walimzoea bibi yule. Mtoto wa Tanga wa mwaka 1960 akinunua karanga za thumni alikuwa anahesabu kwa kipande cha nane cha malkia wa Ulaya, wala hakujua.

Kwa hiyo, serikali yetu ilipotuambia baadaye kwamba kuna fedha zetu na kuna fedha za kigeni, na kwamba baina ya hizo mbili kuna mpaka kama wa nchi na nchi, lilikuwa jambo jipya kuliko tulivyodhani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na fundisho lake juu ya hili. Baba yake alikuwa mkulima huko Bonde. Wakati wa Vita ya Kwanza, Wajerumani walizingirwa baharini na manowari za Waingereza, sarafu zikawa haziwafikii, wakaanza kuchapa noti zao humu humu nchini, kwa karatasi yoyote waliyoipata. Mwishoni wakafika hata kupiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora, mwaka 1916, zikiwemo zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo ambazo leo wakusanyaji huzitafuta kwa bei za ajabu. Baba yake bibi hakupata dhahabu yenye tembo. Alichukuliwa mbuzi na mahindi, akapewa noti. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini, na mzee yule akabaki na karatasi ambazo aliyeziahidi hayupo tena. Bibi alisema alizichezea yeye na wadogo zake, wakijifanya wanauziana unga wa mchanga.

Fundisho lake lilikuwa hili, na alimrithisha mama yangu kama watu wanavyorithishana dawa: noti ya mgeni itumie kabla mgeni hajaondoka. Sarafu unaweza kuiweka, maana hata ikifa jina, madini yamo. Karatasi usiiweke.

Mama alilishika fundisho hilo. Mimi ndiye niliyemlazimisha aliache.

Mwaka 1982, kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa baharia katika meli za Wagiriki, alirudi likizo akamtilia mama noti hii mkononi wakati wa kuagana. Hakusema ni ya nini. Baharia hukaa na dola kama sisi tunavyokaa na maembe. Kwake ilikuwa gharama ya usiku mmoja bandarini. Kwa nyumba yetu ilikuwa kitu kingine. Ukienda nayo benki, mwanzoni mwa 1983, ungepata chini ya shilingi 200. Ukimpa mtu wa mtaani, ungepata mara tatu na zaidi, yaani kuliko mshahara wa mwezi wa mtu wa kima cha chini. Na ukikutwa nayo ndani hukuitangaza, ungepata kesi. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni tuliirithi kwa wakoloni, tukaikaza wenyewe mwaka baada ya mwaka, maana nchi ilikuwa imekaukiwa. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikula tulichokuwa nacho, mafuta yalipanda bei, mazao yetu yakashuka. Mwalimu alituambia tujifunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ilipita, mikanda ikabaki palepale. Ilifika hatua sabuni, sukari, betri na khanga vikawa vitu vya kusimuliana: fulani kapata, duka fulani wameshusha.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini, mwalimu wa historia na Siasa katika shule ya sekondari. Niseme kweli, nilikuwa naamini. Sikuwa mnafiki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mnafiki angepata njia ya kupitia. Niliwafundisha vijana kwamba kila dola inayozunguka vichochoroni ni kipuri cha trekta ambacho hakikuja, ni chanjo ambayo hakuipata mtoto wa Kigoma. Hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Mpaka leo siwezi kuikanusha.

Machi 1983 ikaanza ile operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Walioishi wakati ule wanakumbuka redio. Walikamatwa wenye maghala yaliyojaa sukari, na ukweli ni kwamba maghala hayo yalikuwepo. Watu walikuwa na haki ya kufurahi, nami nilifurahi. Lakini walikamatwa pia watu waliokuwa na vitenge vinne na redio mbili. Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge baada ya watu kwisha kukamatwa, ikaundwa mahakama ya pekee ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa wakili wala kukata rufani. Hofu ikaingia majumbani. Watu walitupa vitu vyao usiku: baharini, mitoni, kando ya barabara. Mimi mwenyewe niliona asubuhi moja, ufukweni, mabati ya mafuta ya kupikia yanarudishwa na mawimbi, na hakuna mtu aliyethubutu kuyaokota.

Baba alikuwa na pumu. Alikuwa nayo tangu ujana, lakini uzee uliizidisha, na kila kusi ilipoanza kuvuma mwezi wa tano na wa sita alikuwa hapati usingizi ila kwa kukaa, ameegemea mto. Kilichomsaidia ni kile kikopo cha kubonyeza na kuvuta. Hospitali haikuwa nacho, wala maduka ya dawa. Kilikuwepo Mombasa. Sasa Mombasa kutoka Tanga ni safari ya siku moja kwa gari, tena bila haraka. Ndugu zetu nusu wako huko. Lakini mpaka ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na njia pekee iliyobaki ilikuwa ya mashua, usiku, kupitia Moa hadi Vanga. Kwa miaka sita ndivyo dawa ya baba ilivyokuja, na nilijua inavyokuja, na sikuuliza. Nahodha aliyeileta alikuwa jamaa wa mbali upande wa mama.

Operesheni ilipoanza, nahodha akaogopa, akaivuta mashua yake juu akaanza kuipaka sifa, kama vile ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya maisha yake yote. Mwezi wa sita alimwambia mama kwamba angeweza kwenda mara moja, lakini shilingi zetu huko Vanga hazitakiwi tena. Alete kitu ambacho Mkenya atakipokea. Mama akakumbuka noti yake.

Alinieleza kwa sababu alikuwa mtu wa kueleza wanawe mambo. Namwona mpaka leo, amekaa kwenye mkeka, noti imefungwa kwenye pindo la khanga, akifungua fundo kwa meno. "Mwanangu, nataka kuitumia hii kabla haijafa," akasema. Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kama ninavyoeleza darasani: kuwa nayo ni kosa, kuipitisha mpaka ni kosa la pili, dawa ya magendo ni la tatu. Nilimwambia mjumbe wa nyumba kumi anaijua kazi ya yule nahodha. Nilimwambia, na hili silisahau, kwamba mimi ni mwalimu wa Siasa, na mama wa mwalimu wa Siasa hawezi kusimama mbele ya mahakama ile. Akaniuliza, "Basi niipeleke benki?" Nikamwambia hapana, benki watauliza ilikotoka, na imekaa kwake zaidi ya muda unaoruhusiwa. "Sasa niifanye nini?" Nikamwambia aifiche, asubiri, mambo yatatulia.

Hakubishana. Alifunga tena fundo.

Baba alifariki Julai 1983, alfajiri, ameegemea mto. Sijui kama kikopo kimoja kingemvusha. Daktari mmoja niliyemwuliza miaka mingi baadaye alinijibu kama madaktari wanavyojibu, kwamba huenda, na huenda isingekuwa. Mama hakunilaumu hata siku moja, si kwa neno wala kwa jicho.

Ninachokijua kwa hakika ni tarehe, kwa kuwa tarehe ndiyo kazi yangu. Novemba 1983, miezi minne baada ya mazishi, marais watatu walikutana Arusha wakagawana mali na madeni ya Jumuiya, na mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na nchi ikalia kweli. Mama naye alilia, na sikumwuliza kwa nini. Juni 1984, haijatimia hata mwaka tangu tumzike baba, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyosema kwamba mwenye fedha zake za kigeni anaweza kuagiza bidhaa kutoka nje, wala hataulizwa amezipata wapi. Nilisikiliza nikiwa chumba cha walimu. Walimu wenzangu walishangilia kwa sababu ya mitumba, dawa ya meno na vipuri vya baiskeli. Mimi nilitoka nje.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola ikapanda rasmi kutoka shilingi 17 hadi 40. Mwaka 1992 ikaja sheria mpya, maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa mitaani yenye vioo na vibao vya bei, na kile kilichokuwa kosa la jinai kikawa shughuli ya dakika mbili. Wanafunzi wangu wa zamani waliniuliza njiani, kwa utani wenye miiba, kama bado nafundisha Siasa. Somo hilo lenyewe lilikuwa limekwisha kubadilishwa jina.

Wakati huo nilimwambia mama, sasa mama, twende ukaibadilishe. Dola moja ilikuwa imefika shilingi mia nne na kidogo. Akasema anaiweka. Nilirudia mara mbili tatu katika miaka ile, kila mara jibu ni hilo, kwa upole. Yule aliyelelewa kuamini kwamba karatasi ya mgeni haiwekwi, ndiye aliyeiweka miaka ishirini na sita. Mimi nilijiambia kwamba ni ukumbusho wa kaka, ambaye alikuwa amekwisha kufa ughaibuni. Ilinifaa kujiambia hivyo.

Mama alifariki 2009. Tulipofungua kasha lake tuliikuta chini kabisa, ndani ya pindo lililokatwa kutoka khanga ile, fundo halijafunguliwa. Dada zangu walisema nichukue mimi, hawakusema zaidi.

Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini. Wafanyabiashara walizunguka benki hadi benki wakizitafuta, magazeti yakaandika kila siku. Nikafikiri, huu ndio wakati wake. Ikitumika sasa itakuwa imetumika kwa haja, na nilikuwa na haja, kwani mjukuu wangu mmoja ana pumu ile ile na kikopo chake siku hizi kinapatikana duka lolote la dawa, mradi una fedha. Nilivaa vizuri, nikaenda duka la kubadilishia fedha mjini. Kijana wa dirishani alinisalimu shikamoo kwa adabu. Nilimpa noti. Aliikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Mzee, hizi za vichwa vidogo hatupokei."

Nilimweleza kwamba Wamarekani wenyewe hawajafuta noti yao hata moja, ya mwaka wowote, nilikuwa nimesoma. Akasema ni kweli, huko kwao itapokelewa, lakini hapa hazinunuliki, hata za juzijuzi tu wanazikataa. Akanirudishia kwa mikono miwili. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri.

"Ungeileta mapema, mzee," akasema.

Nilimwambia ni kweli. Nikaikunja kwa mikunjo yake ile ile, nikatoka.